Halwa ya Rukia Sefuni

Hapo zamani, na anayetaka tarehe akaulize kwingine, alikuwepo Korogwe mpishi wa halwa, Bi Mashavu. Alinunua sefu kuukuu kwenye mnada wa shamba la mkonge. Sefu zito, la kuzuia moto, mlango wake ukibamizwa hujifunga wenyewe.

"Moto haupenyi," akasema, "sisimizi atapitia wapi? Na mume wangu je?"

Siku ya kumwoza binti yake Rukia, akaweka humo halwa yote ya harusi. Akawaza: ufunguo nao mume wangu ataudokoa. Basi akauweka humo humo, kando ya halwa, akabamiza mlango.

Lo! Ndipo akashika kichwa. Wakwe wako njiani. Kahawa bila halwa? Aibu hiyo Rukia angesimangwa nayo mpaka uzeeni. Bi Mashavu akalia, "Atakayefungua, sahani moja nzima ni yake peke yake!"

Akaja Kilua, fundi wa vitasa. Akachokonoa kwa waya tangu asubuhi mpaka adhuhuri, jasho likimtiririka. Kitasa kikalia kach! Mlango haukufunguka.

Akaja Mzee Shemdoe, aliyekuwa karani wa shamba lile. "Mkono wa mlango huu huinuliwa kwanza, ndipo ukageuzwa kushoto. Miaka ishirini nimelifungua mimi." Akainua, akageuza. Mlango ukasogea kidogo tu, ukakwama kwa kutu.

Akaja Bi Hidaya, shangazi wa Rukia, amechoka kusubiri. Hakuuliza kitu. Akalipiga sefu kikumbo kimoja cha nyonga. Mlango huo, wazi!

Halwa ikatoka, wakwe wakala, wakasifu, Rukia akaolewa. Mama mtu akapumua. Ikabaki sahani ya ahadi.

"Yangu," akasema Kilua. "Bila mimi, mzee ungegeuza mkono mpaka kiama."

"Yangu," akasema Mzee Shemdoe. "Bila mimi, fundi ungechokonoa mpaka kiama."

"Yangu," akasema Bi Hidaya. "Bila mimi, nyote wawili mngekuwa bado mmelikodolea macho."

Wakabishana weee. Mume wa Bi Mashavu akaanza kuisogelea sahani, taratibu. Mkewe akamwona.

"Hailiwi na mtu mpaka mpatane!" Akairudisha sahani sefuni, akabamiza mlango.

Ufunguo ulikuwa bado humo humo alipouweka.

Haya, ninyi mnaocheka: je, nani aliistahili sahani ile? Jibuni upesi, Bi Mashavu anauliza amwite nani kwanza.