Unga Mweupe Kwenye Mizinga ya Kapela

Wanangu, someni hii polepole, halafu mpelekeeni na jirani mliyenuniana naye.

Kulikuwa na mzee mmoja mfuga nyuki, Kapela. Mwanawe alitaka kuoa, na ukweni walishasema: bila madebe mawili ya asali, hakuna harusi. Mwaka huo huo nyuki wakaanza kufa. Wanatoka mzingani mabawa yamejikunja, wanatambaa chini.

Kalunde, mjane wa mdogo wake, naye mwenye mizinga michache jirani, akamwambia, "Shemeji, ni utitiri huo, unawanyonya. Bwana nyuki, yule afisa wa ufugaji, alitufundisha dawa yake."

Kapela akacheka. "Wewe unifundishe nyuki mimi? Rudi kwenye mchicha wako!"

Kalunde akaenda zake.

Siku moja Kapela akarudi mapema kutoka shamba. Akakuta mizinga yake imemwagiwa unga mweupe, na Kalunde amesimama pale pale na kibakuli. Akapiga yowe, kijiji kizima kikaja.

"Mchawi huyu hapa! Kammaliza mdogo wangu, sasa anamaliza nyuki!"

Kalunde akachovya kidole kwenye ule unga, akalamba. Akamsogezea kibakuli. "Lamba, shemeji."

"Thubutu! Nife?"

Mwenyekiti wa kijiji akalamba yeye. Akalamba tena. "Mzee Kapela, hii si sukari iliyosagwa?"

Watu wakaangua kicheko. Kalunde akavuta ubao uliopakwa mafuta chini ya mzinga. Umejaa vidudu vyekundu kama punje za ulezi.

"Nyuki wakipata sukari mwilini wanalambana, utitiri unateleza, unanasa hapa. Kila wiki ukienda shamba, nakuja."

"Sukari yako mwenyewe?" Kapela akauliza.

"Ndiyo. Mimi chai nakunywa ya chumvi."

"Na vile nilivyokutukana?"

"Shemeji, nyuki hawajui ugomvi wetu. Wako na wangu wanakwenda ua moja. Nikisafisha wangu tu, wako wanawaletea utitiri tena. Na yule mtoto si lazima aoe?"

Kapela akavua kofia.

Nyuki wakapona, madebe mawili yakajaa. Siku ya kupeleka asali, debe la kwanza alilibeba mwenyewe kichwani, Kalunde katangulia mbele, kijiji kile kile kikifuata nyuma. Mlangoni akasema, "Kabla hamjanipokea mimi, mshukuruni huyu."

Najua, kwa sababu bibi harusi ni mjukuu wangu. Asali ile nimeila. Na kila nikitia sukari kwenye chai, namwombea Kalunde.

Funzo: Usimwite mtu mchawi kabla hujaonja alichokuwekea, na ukijua alikuwa anakusaidia kimya kimya, mshukuru mbele ya wale wale uliomshtakia.