Aliyemtoa Righa Shimoni

Sogeeni karibu, maana hili limenishinda kuamua peke yangu.

Righa, mkulima wa mkonge huko Taita, alikuwa na watoto watatu wakubwa. Mkawasi alijaliwa masikio: alisikia kifaranga akigonga ndani ya yai. Mwandoe alijaliwa mikono: hakuna aliyesokota kamba kama yeye. Wakesho alijaliwa moyo usiojua woga.

Asubuhi moja Righa alikuwa peke yake shambani, aking'oa machipukizi yanayounyonya mkonge mkubwa. Ghafla ardhi ikadidimia. Akaporomoka ndani ya shimo la zamani la wachimba vito, mkono ukavunjika, udongo ukamfukia hadi kiunoni. Kila alipojitikisa, udongo mwingine ulimwagika. Akaita mpaka sauti ikamkauka, akabaki kugonga jiwe kwa jiwe.

Nyumbani, Mkawasi aliinua kichwa. "Baba yuko chini ya ardhi, anagonga!"

Wenzake wakacheka, lakini alipotoka mbio wakamfuata mpaka ukingoni mwa shimo.

"Wanangu," Righa akasema kwa shida, "atakayenitoa humu, shamba lote ni lake."

Kamba haikuwepo. Mwandoe alikuwa na mistari yake michache ya mkonge, aliyoipalilia miaka mingi. Akaukata wote, hata majani machanga ya katikati ambayo mkulima hayagusi, akijua mimea itakufa. Akakwangua nyuzi, akasokota, utomvu ukimwasha mpaka viganja vikachubuka.

Kamba ikafika chini, lakini kwa mkono mmoja Righa hakuweza kujifunga. Wakesho akashuka. Akamfukua baba yake kwa vidole, udongo ukimwangukia kichwani, akamfunga, akasubiri humo wenzake wakimvuta mzee. Naye alipotolewa tu, shimo likajifunga.

Righa alipopata nafuu, wakaketi mbele yake kudai shamba.

"Bila mimi mngemtafuta wapi?" akauliza Mkawasi.

"Ungemvuta kwa masikio?" akajibu Mwandoe.

"Na kamba ilijifunga yenyewe?" akasema Wakesho.

"Mligawane basi," Righa akawasihi.

"Baba, shamba lenyewe ni dogo. Likikatwa vipande halimlishi yeyote. Na uliahidi kumpa mmoja," wakajibu wote watatu.

Righa akajiona amebanwa tena, safari hii na watoto wake mwenyewe. Akimtazama mmoja, anakumbuka wawili. Hata kula kumemshinda.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: shamba apewe nani? Na ukishamtaja huyo mmoja, wale wawili utawaambia nini?