Hati Iliyosahihishwa Jumanne

Palikuwa na tajiri mjini Kirambazo, Bwana Shekivuli, ambaye hakuwahi kuona kitu cha watu bila kukumbuka kwamba ni chake. Aliona kisima, akakumbuka. Aliona njia ya kupita, akakumbuka. Mwaka huo akaliona soko, lenye wanawake arobaini wa mboga, vitumbua na dagaa, akakumbuka kwa nguvu zaidi, maana barabara ya lami ilikuwa inakuja.

Hati ya kiwanja ya karatasi ilishaliwa na mchwa. Iliyobaki ilikuwa ndani ya kompyuta tatu, na kompyuta hizo Shekivuli mwenyewe aliupa mji kama msaada miaka kumi na miwili nyuma: moja ofisi ya baraza la ardhi, moja ofisi ya soko, moja dukani kwake. Alizinunua mnadani, kila moja na kabila lake, yaani mfumo wake. Funguo za ofisi zote alibaki nazo, eti mfadhili. Basi zikawashwa mbele ya baraza, na zote tatu zikasema mwenye kiwanja ni Shekivuli. Wanawake wakapewa mpaka Jumamosi wawe wamehama.

Mashavu alikuwa fundi kompyuta wa pale sokoni. Meza yake ilikuwa na miguu mitatu na tofali, na ulimi wake haukuwa na kifuniko. Mama yake aliuza bamia hatua chache kutoka hapo, na siku ile Mashavu alimkuta anafunga magunia, asiinue uso. Hakuweza kumtazama. Akaenda moja kwa moja barazani.

"Kila faili hukumbuka siku lilipobadilishwa mara ya mwisho," akasema. "Naomba tarehe hizo zisomwe."

Shekivuli akacheka mpaka kofia ikasogea. Mafundi wake walishamwambia kwamba kompyuta zile haziulizwi kwa swali moja.

"Zisomwe," akasema, "lakini usije na maagizo matatu, kila mashine ukaitilia maneno yake mdomoni. Lete andiko moja. Lisibadilishwe hata nukta. Lipite kwenye mashine zote tatu na litoe tarehe kwa mtindo mmoja. Ikigoma hata moja, kiwanja ni changu saa ile ile, na hiyo meza yako nitapikia pilau."

Mzee Ngwali, mwenyekiti wa baraza, ambaye sukari yake ya chai ilitoka dukani kwa Shekivuli, akasema hiyo ni haki kabisa.

Mashavu akajifungia siku mbili na mashine mbovu za wateja, za makabila yale yale. Ya kwanza ukiiuliza tarehe kwa herufi c, inajibu. Ya pili haitaki c, inataka f. Ya tatu swali lenyewe haijapata kulisikia. Akaandika: uliza kwa c; ukikataliwa, uliza kwa f; ukikataliwa tena, mwite Perl, programu ya siku nyingi, mtumishi wa zamani anayekaa ndani ya mashine nyingi na kujua mambo ya wenyewe.

Kabla ya hapo alikuwa ametanguliza f, akaaibika. Mashine ya kwanza haikuikataa f, ila ilianza kumweleza habari za diski nzima, kama mtu aulizwaye jina akataja ukoo. Akageuza, c ikatangulia. Ile ya pili ikikutana na c hukataa kavu kavu, na akukataliaye kavu kavu hakupotezei muda.

Ijumaa asubuhi mashine zikaletwa barazani kwa mkokoteni. Soko zima likaja.

"Shikamoo, bwana mkubwa," akasema Mashavu. "Hati hii uliigusa lini mara ya mwisho?"

"Siku ilipoandikwa. Miaka kumi na miwili sasa. Sijaongeza hata koma."

"Karani, naomba hilo liandikwe."

Akaliendesha andiko kwenye mashine ya kwanza. Ikatoka namba ndefu. Shekivuli akainama kuitazama.

"Hii ndiyo tarehe? Au ni namba ya simu ya mchumba wako?"

"Ni sekunde, bwana mkubwa. Zinahesabiwa tangu mwaka 1970."

"Mmesikia, jamani? Hati yangu ni ya tangu mwaka 1970."

"Mwaka huo ulikuwa unanyonya. Uliandika kwa mkono upi?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Ngwali akagonga meza, lakini naye bega lilikuwa linamtikisika. Mstari wa pili ukatoka, andiko limeshageuza sekunde kuwa siku: Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi. Andiko lile lile, bila kuguswa nukta, likapelekwa mashine ya pili: Jumanne iliyopita, saa nne na nusu. Ya tatu ikakataa c, ikakataa f, mpaka Perl akaitwa. Kisha ikajibu: Jumanne iliyopita, saa tano.

"Jumanne ulitembea sana," akasema Mashavu. "Pole kwa miguu."

Shekivuli akajifuta uso. "Sikiliza, binti. Nilipita kusahihisha neno moja tu. Karani wa wakati ule alikosea."

"Neno gani?"

"Jina tu."

"Jina la nani?"

"La mwenye kiwanja."

Mzee Ngwali akaisukuma pembeni bilauri yake ya chai.

"Bwana Shekivuli," akasema taratibu, "kabla hujasahihisha, palikuwa pameandikwaje?"

Tajiri akatazama dari.

"Paliandikwa... wafanyabiashara wa soko."

Mashavu akamgeukia mwenyekiti. "Mzee wangu, hii iliyosahihishwa mwachieni mwenyewe. Sisi tunaomba ile yenye makosa."