Sabuni, Panya na Tone la Sumu

Kaeni karibu, niwape kesi. Msinijibu mpaka nifike mwisho, maana mimi mwenyewe nimebadili uamuzi mara tatu.

Katika kituo kimoja cha nyoka, kwenye nchi kame, walifanya kazi wasichana watatu. Jebet alikuwa na mkono usiotetemeka: alimshika nyoka mdogo wa mchangani, yule mwenye magamba yanayokwaruza kama msumeno, akamng'atisha utando juu ya kikombe, sumu ikachuruzika. Kathambi alijua wanyama: aliwalea panya na sungura, akamtambua mgonjwa kwa anavyolaza masikio. Mbeyu alikuwa na subira: alitia damu kwenye kichupa cha kioo, akakiacha dakika ishirini bila kukigusa, kisha akakiinamisha. Damu iliyoganda hutulia. Iliyoshindwa na sumu humwagika kama maji.

Walikuwa wakijaribu dawa mpya ya sumu hiyo. Panya waliotiwa sumu bila dawa, damu haikuganda. Waliopewa dawa, iliganda. Zilibaki wiki tatu dawa ianze kupewa watu. Ndipo Daktari Omwoyo, mkuu wao, akasema, "Nimepata nafasi moja ya masomo. Atakayefanya jambo kubwa kuliko wenzake ndiye atakayekwenda."

Tangu siku hiyo hawakunywa tena chai pamoja.

Kathambi hakuvumilia kwamba kila mkutano yalisomwa matokeo ya Mbeyu. Akapekua meza yake. Akagundua kwamba Mbeyu, kwa kubana matumizi, alitumia vichupa vipya kwa panya wa dawa tu. Damu ya wale wengine aliitia katika vilivyooshwa kwa sabuni. Kathambi akachukua kimoja kilichooshwa, akatia damu ya sungura asiyetiwa sumu, akasubiri mbele ya wote. Haikuganda.

"Dada Mbeyu," akasema, "sungura huyu hajawahi hata kumwona nyoka. Ameumwa na sabuni yako?"

Wakacheka wote, isipokuwa mmoja.

Mbeyu, macho yamemvimba, alirudia kazi yote kwa vichupa vipya. Akaona kwamba hata panya walionyimwa dawa, damu yao iliganda vizuri. Kumbe majaribio hayakuwa yamethibitisha lolote kuhusu dawa. Angeweza kunyamaza, aibu ilikuwa yake. Lakini alipata pa kuitupia.

"Jebet, tunakusifu mkono, kumbe sumu yako imelala. Unaihifadhi wapi, kwenye uji?"

Jebet alirudi kwa nyoka wake. Alikamua sumu mpya, akatoa damu mkononi mwake, akadondosha tone katika damu hiyo, jingine katika ya sungura, jingine katika ya panya. Yake na ya sungura ziliganda kufumba na kufumbua. Ndivyo sumu ile inavyoanza: huigandisha damu kwa pupa, mpaka mwili unaishiwa na cha kugandishia. Damu ya panya ilikaa kama haijaguswa.

"Sumu yangu nzima," akamwambia Kathambi. "Panya wako ndio hawafanani na watu. Miaka miwili unatulishia mashahidi wa uongo, Mama Panya."

Dawa ikajaribiwa upya kwa sungura. Ikashindwa. Hakuna mtu aliyepewa.

Daktari akawaita ofisini.

"Bila mimi mngekuwa bado mnasoma sabuni," alisema Kathambi.

"Bila mimi nani angejua panya hawakudhurika?" alisema Mbeyu.

"Bila mimi mngekuwa mnailaumu sumu mpaka leo," alisema Jebet.

"Na kama nisingetangaza ile nafasi," Daktari akauliza, "yuko ambaye angechunguza kazi ya mwenzake?"

Kisha akaweka fomu ya masomo mezani.

Fomu ina mstari mmoja wa jina, na inatakiwa kabla ya saa sita mchana. Aliyefichua sabuni, aliyerudia kazi, aliyeitetea sumu: kila mmoja alitaka kumwangusha mwenzake, na kila mmoja ameokoa watu asiowajua. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na wale wawili ungewaambia nini, ukijua kwamba kesho watarudi kwenye meza zilezile?