Mistari ya Kobe kwenye Jiwe la Kivukoni

Paukwa!
Pakawa!
Mto?
Upo!
Maji yake?
Tutapima!

Basi sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hapo zamani za kale palikuwa na mto uitwao Lumwe. Kwenye kivuko cha mto huo lilisimama jiwe jeusi, na mlinzi wa jiwe alikuwa Bi Kobe.

Kila mwaka, siku ambayo mkuyu uliangusha tunda lake la kwanza, tup! Kobe alishuka mtoni. Pale maji yalipogusa jiwe, alichora mstari kwa ukucha. Kwaru, kwaru, kwaru! Kisha alibinua mawe matatu ya chini ya maji, yale yale ya kila mwaka, akahesabu waliokaa humo: kamba wadogo, konokono, watoto wa kereng'ende. Bibi yake alifanya hivyo. Mama yake alifanya hivyo. Juu kabisa ilikuwa mistari ya bibi, katikati ya mama, chini yake ya Kobe.

Kima alimcheka kutoka mtini.

"Shangazi, jiwe linawashwa? Mbona unalikuna kila mwaka?"

"Cheka, mwanangu. Mimi nakuna."

Juu kidogo ya kivuko palikuwa na bwawa, na ndani yake alilala Mfalme Kiboko, kila mwaka akilichimba kwa miguu yake likazidi kina. Naye alikuwa na kipimo chake. Kipimo chake kilikuwa tumbo. Kila asubuhi alilitazama tumbo, likiwa limezama alinguruma, "Maji yananifika masikioni, kama yalivyomfika baba yangu. Mto mzima huu!"

Siku moja Mfalme akaita baraza.

"Leteni matope! Leteni matete! Nataka tuta hapa mdomoni mwa bwawa, maji yangu yasinitoroke."

"Ndiyo, Mfalme!" wakaitikia wote.

"Hapana," akasema Kobe.

Vichwa vyote vikageuka.

"Nani kasema hapana?"

"Mimi, Kobe wa kivukoni. Ukifunga hapa, huko chini patakufa. Mto umepungua, Mfalme."

"Umepungua! Hiki ni kiangazi tu. Mvua huja, mvua huenda."

"Kweli, huja na kwenda. Mistari nayo hupanda na kushuka. Lakini mwaka wetu mzuri wa sasa haufiki mwaka mbaya wa bibi yangu. Na chini ya mawe yale matatu, mama alihesabu kamba arobaini. Mwaka jana mimi nilihesabu wanne."

Kiboko akapanua kinywa, meno yote nje, akamwita mtumishi wake. "Kenge! Kaifute hiyo mistari. Na wewe Kobe, ukichora tena, utahama mto huu!"

Kobe hakujua pa kwenda. Mtoni alianguliwa, mtoni alizeeka.

Kenge akaenda, akalipaka jiwe matope. Kobe akaja, akaliosha. Kenge akapaka. Kobe akaosha.

"Dada," Kenge akalalamika, "mbona unanitafutia kazi? Nyamaza, tuishi."

"Paka, nitaosha. Paka tena, nitaosha tena. Matope ni ya leo, mistari ni ya miaka."

Siku tatu Kenge alipaka. Siku tatu Kobe aliosha. Siku ya nne wanyama walijipanga na mizigo ya matope kujenga tuta, na mkuyu ukaangusha tunda. Tup! Kobe akashuka mtoni.

"Leo nitamwona!" akanguruma Kiboko. Akatoka bwawani mchana kweupe. Siku zote alitoka usiku tu kula majani, wenzake wamelala. Akaja kivukoni, akalikalia jiwe. Pwaa!

"Haya, chora! Chora mgongoni mwangu!"

Kobe hakugeuka.

"Inua mguu, Mfalme. Umekanyaga mahali pa mstari wa mwaka huu."

"Siinui!"

"Nami siondoki."

Hapo Kima akapiga ukelele. "Jamani! Bwawa! Tazameni bwawa!"

Wote wakatazama. Kiboko alipotoka, maji yalishuka, chwaaa! Kambare walitweta kwenye tope. Kilichobaki kilikuwa shimo na maji ya magotini.

"Kumbe!" akasema Kima, na safari hii hakucheka. "Maji yote yale, nusu yake ilikuwa tumbo la Mfalme!"

"Kila mwaka unachimba bwawa," akasema Kobe. "Kila mwaka unanenepa. Kila mwaka unatuambia maji ni yale yale."

Nyumbu akatupa mzigo wake wa matope. Puu! Pofu, yule swala mkubwa, akatupa. Puu! Hata Kenge akatupa wake. Puu!

"Tuta hatujengi!"

Kiboko akatazama kulia. Akatazama kushoto. Hapakuwa na aliyeinama. Basi akainua mguu.

Kwaru, kwaru, kwaru! Mstari ukawa wa chini kuliko yote. Kobe hakuuficha. Akausoma kwa sauti, wote wakasikia. Akabinua mawe matatu.

"Kamba watatu," akasema. "Mwakani tutawahesabu tena, kwa macho yetu wenyewe. Na bwawa hili halitachimbwa tena."

"Ndiyo!" wakaitikia wote.

Na funzo lake, wasikilizaji, ni hili: hali ya mto haiulizwi kwa tumbo lililoshiba. Mto hupimwa mahali pale pale, siku ile ile, mwaka hadi mwaka. Na anayepima asikubali kufutiwa.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na hapo ndipo ilipoishia.