Fukusi Aliyekataa Kuhama

Paukwa!

Pakawa!

Hee, hiyo ndiyo sauti ya watu walioshiba? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika kisiwa kimoja kidogo, palikuwa na Bibi Fukusi. Si hao fukusi wanaotoboa mahindi yenu ghalani, la! Huyu aliishi kwenye shina la mkadi, mti wenye maua ya kunukia ambayo maharusi huyaweka nguoni. Na hakuweza kuruka. Mgongo wake ulikuwa umeungana kuwa gamba moja, gumu kuliko kokwa ya tende. Jirani zake, Njiwa, Chozi, yule ndege mdogo mfyonza maua, na Kipepeo, walimcheka kila siku.

"Mdudu gani wewe! Ukitaka kwenda kwa jirani sharti ufunge mizigo!"

Siku moja akatua Kunguru kutoka ng'ambo. Akala mayai ya huyu, akavunja kiota cha yule, kisha akatangaza, "Kisiwa hiki sasa changu! Mwenye mbawa na aruke. Asiye na mbawa nitamla."

Njiwa akaruka, puruu! Chozi akaruka, firrr! Kipepeo akaruka, pepepe! Hakuna hata mmoja aliyegeuka nyuma. Mimi nikifika hapo huwa nakasirika, acheni tu.

Fukusi alibaki. Ndani ya shina la mkadi walikuwamo wanawe, laini kama ubwabwa, hata miguu hawajaota. Akapanda polepole, akaketi mbele ya tundu lao.

"We bibi," akasema Kunguru, "hukusikia?"

"Nimesikia."

"Mbona huondoki?"

"Nimezaliwa hapa, sina mbawa, sihami!"

"Basi pisha, niwale hao watoto."

"Anza na mimi."

Kunguru akamdonoa, ko! Mdomo ukateleza. Fukusi akasema, "Nimezaliwa hapa, sina mbawa, sihami!"

Kunguru akamvuta ambandue, mvute nikuvute. Fukusi akang'ang'ania gome kwa miguu yote sita. "Nimezaliwa hapa, sina mbawa, sihami!"

Kunguru akapandwa na hasira. Akavuta kwa nguvu zake zote, akambandua, akammeza mzima mzima, gulu!

Mnadhani kwisha? Thubutu! Kule kooni Fukusi akatanua miguu, akakwama. Kunguru akakohoa, macho yakamtoka. Sauti ikasikika kutoka ndani, "Nimezaliwa hapa, sina mbawa, sihami!"

"Toka, bibi, nakuomba!" akakoroma Kunguru.

"Nitoke vipi, nami nimekwambia sihami? Apa kwanza kwamba utahama wewe."

"Na... naapa!"

Fukusi akakunja miguu. Kunguru akamtema, akaondoka zake anakohoa, na hadi leo hajaonekana kisiwani.

Siku zikapita. Watoto wa Fukusi wakakomaa, wakatoka shinani, weusi, wagumu, wanang'aa. Ndipo Njiwa, Chozi na Kipepeo waliporudi, meno yote nje.

"Jirani! Tumerudi kwetu!"

Fukusi akawatazama. Moyo ulikuwa ungali unamuuma.

"Kwenu?" akauliza. "Kwenu mlikuacha kwa neno moja la Kunguru. Karibuni, wageni. Siku mbili mtakula, mtalala. Siku ya tatu, jembe lile pale."

Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyeipenda, mlango uko wazi, na aruke!