Taa za Nyuma za Mzee Mwinjuma

"Taa ya nyuma haimmulikii mwenye gari." Mmemsikia mama yenu hapo nje akimwambia Saidi hivyo, naye Saidi akacheka kama kaambiwa utani. Sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka Tanga, ingawa walioyaanzisha ni watu wa Tanga. Yametoka hapa hapa Kanada, kwenye theluji, na mwenyewe namjua. Basi wekeni hizo simu chini mnisikilize, maana chanzo chake kilikuwa hivi.

Palikuwa na Mzee Mwinjuma, mtu wa Pangani, aliyehamia huku na mkewe na binti yao Saumu. Baridi ilimbadilisha mavazi, haikumbadilisha tabia. Mgeni akija kwake alilishwa mpaka aombe msamaha, na akiondoka alisindikizwa. Kule kwao mgeni husindikizwa kwa miguu mpaka njia panda. Huku alikaa mashambani, mbali na barabara kuu, kwa hiyo alisindikiza kwa gari. Yeye mbele, mgeni nyuma, na wakifika barabara kuu anapiga honi, mgeni anakwenda zake. Alijisifu sana kwa hilo. "Kwangu mgeni hapotei," alikuwa akisema.

Msimu mmoja wa baridi ikaja posa ya Saumu. Wazee wa upande wa kijana walitoka mji mwingine: Bi Mafunda, bibi yake mwoaji, na Kombo, mjomba wake, ambaye ndiye aliyeendesha. Posa ikapokewa, watu wakala, dua ikasomwa. Alasiri wageni wakaaga. Theluji ilikuwa ikianguka tangu adhuhuri, na upepo unaipeperusha hata ua wa jirani hauonekani.

Mzee Mwinjuma akachukua kikwangulio, akasafisha kioo cha mbele, akafuta taa za mbele mpaka zikang'aa. Kwa nyuma gari lilikuwa limefunikwa gubigubi. Kombo akamwambia, "Mzee, ngoja nikufutie na za nyuma."

"Za nyuma za nini?" Mzee akajibu kwa sauti, wote wasikie. "Kwani mimi naenda kinyumenyume?"

Watu wakacheka. Hata Bi Mafunda alicheka.

Wakaondoka. Mzee aliijua njia, hakuwa na wasiwasi. Penye ghala la ngano akakata kushoto. Kombo, mgeni wa njia ile, aliona weupe mtupu mbele yake. Hakuona taa nyekundu, hakuona na kona. Akanyoosha moja kwa moja, gari likatumbukia mtaroni, Bi Mafunda akavunjika mkono. Simu hazikushika mtandao. Wakakaa humo baridi inawatafuna, mpaka dereva wa greda la kusukuma theluji alipowaona.

Naye Mzee Mwinjuma alikuwa keshafika barabara kuu. Kioo chake cha nyuma kilikuwa kimezibwa, haoni kitu. Akapiga honi, gari fulani likapita, akasema ndio hao. Akarudi nyumbani kumalizia pilau.

Kombo alipopiga simu kutoka hospitali, Mzee alikuwa bado anamsimulia mkewe alivyowasindikiza vizuri. Akakimbilia huko hospitali, akamkuta Bi Mafunda kitandani, mkono umefungwa plasta.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, Mwinjuma."

"Nilidhani mko nyuma yangu."

"Tulikuwa nyuma yako, baba. Wewe ndiye hukuwa mbele yetu."

Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze. Alingoja aambiwe posa imevunjika, na moyoni aliona ni haki yao. Bi Mafunda akamwashiria asogee. "Watakaouliza," akasema, "tutawaambia niliteleza kwenye barafu. Sisi sasa ni wakwe. Aibu yako ni yetu."

Heri angemtukana! Sitara ile ndiyo iliyomchoma. Tangu siku hiyo Mzee hakuweza kumtazama Kombo usoni, na habari ya kusindikiza wageni hakuitaja tena.

Siku ya harusi ikafika, na theluji nayo ikaja. Magari yalipangwa nje, la Mzee likiwa la kwanza kwa kuwa ndiye ajuaye njia. Bi Mafunda akatoka, mkono ungali umetungikwa shingoni kwa kitambaa. Vijana wakaanza kumtania.

"Bibi, shika ukuta! Usije ukala mwereka tena!"

"Mbebeni huyo, barafu inamjua!"

Bi Mafunda akacheka nao, akaingia garini.

Mzee Mwinjuma akashuka. Akazunguka nyuma ya gari lake, akapiga magoti thelujini na kanzu yake mpya, akaanza kufuta taa kwa mkono mtupu. Utani ukakatika.

"Hakuteleza," akasema, hamtazami mtu. "Alinifuata mimi, nami sikuonekana. Niliambiwa taa hizi zifutwe, nikauliza za nini, kwa sababu mimi hazinimulikii. Mkono wake nimeuvunja mimi."

Saumu, ndani ya mapambo yake, aliinamisha uso kwa ajili ya baba yake. Mzee alifuta taa hii, akafuta ile, zikawa safi naye anaendelea kufuta, maana aliona haya kuinuka. Ndipo Bi Mafunda, ndani ya gari la Kombo lililokuwa nyuma yake, akateremsha kioo.

"Tangulia, Mwinjuma," akasema. "Leo tunakuona."

Ndiyo hiyo, wajukuu zangu. Saidi, funga koti lako urudi nje. Nimeliona gari lako dirishani, mbele linameta, nyuma halina uso. Na mwenzako anakufuata. Taa ya nyuma haimmulikii mwenye gari.